Kupanda Kitonga wengi wanaweza, suka anaonekana akishuka

Leo naomba niongee kitu ambacho kimenikaa kooni kama wiki mbili hivi. Mnaoendesha malori mtanisahihisha nikikosea, na mnaoyapenda tu kwa mbali kama mimi nilivyokuwa zamani, msome hadi mwisho.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, kamaliza kidato cha nne na yuko kwangu hapa Iringa anasubiri mambo yakae sawa. Jioni moja tunakula, akanisogezea simu. "Anko, mcheki huyu suka." Kwenye video kuna kijana yuko ndani ya kichwa cha Scania, miwani myeusi, muziki juu, anashuka mteremko. Mkono mmoja uko kwenye usukani, mwingine umeshika simu anayojirekodia. Mguu wa kushoto kaupandisha juu ya dashibodi. Mshale wa spidi unaitafuta 100, lakini mshale wa mizunguko ya injini umelala chini kabisa, kama gari limepaki linasubiri mzigo.

Kwa asiyejua, maana yake ni kwamba jamaa kaweka nyutro. Tela liko nyuma, mzigo upo, mlima unamsukuma, na yeye anacheka. Chini ya video watu wamejaa: alama za moto, makopakopa, "noma sana", "huyu ndiyo suka wa nchi".

Jina lake sitalitaja. Wapenzi wa malori mnamjua, na kama siyo yeye basi mnamjua mwenzake, maana siku hizi wako wengi. Sina ugomvi naye, na kwa kweli usukani anaumudu. Kilichoniuma ni mpwa wangu aliposema, "Anko, na mimi nataka niwe hivi."

Sasa msimamo wangu nauweka mezani mapema. Yule kijana, kwa dakika zile za video, hakuwa dereva. Alikuwa abiria aliyekaa upande wa usukani. Gari lilikuwa linakwenda lenyewe na yeye alikuwa analisindikiza. Udereva wa lori, hasa kwenye mikoa yetu hii ya milima, unapimwa wakati wa kushuka. Na sisi mashabiki tunachangia kuwaharibu madereva kwa sababu tunapiga makofi mahali pasipostahili.

Kabla mtu hajasema nina wivu, acha nieleze ugonjwa wangu. Mimi nimezaliwa Uyole, Mbeya, pale njia inapogawanyika: moja inaingia mjini na kwenda zake Tunduma, nyingine inakata kwenda Tukuyu, Kyela hadi Kasumulu mpakani na Malawi. Mama alikuwa anauza chai, maandazi na viazi vya kuchemsha jirani na mahali malori yalipokuwa yanalala. Usiku nikiwa kitandani nilikuwa nasikiliza injini zinavyopumua. Namwambia mama, "Hiyo Scania 113, hiyo inayofuata Fuso." Mama ananiambia lala, kesho shule.

Daftari langu la hesabu lilikuwa na hesabu upande wa mbele, nyuma kumejaa namba za magari. Ya kwetu, ya Zambia, ya Malawi, ya Kongo. Nilijua lori lililobeba shaba hata likiwa limefunikwa. Shaba ni nzito, kwa hiyo ukiliangalia tela unaona kama tupu, mzigo umekaa chini vipande vichache tu juu ya tairi, lakini sikiliza injini inavyolia likipanda. Kumbe limeshiba.

Na barabara yenyewe ina hadithi. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia ikabanwa njia ya kusini. Mafuta yakaanza kusafirishwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, yanapita Iringa na Mbeya kwenye njia ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Ajali zilikuwa nyingi mpaka waliokuwa wanapita wakaibatiza jina la njia ya kuzimu. Bomba la mafuta la TAZAMA likaanza kazi 1968, lami ikaja, reli ya TAZARA ikajengwa kati ya 1970 na 1975. Lakini tazama mpaka leo: simama Uyole nusu saa tu uhesabu malori. Hii barabara imelelewa na madereva, na imewazika wengi.

Kwa hiyo mapenzi ninayo. Ila mapenzi na kujua ni vitu viwili, na hapo ndipo nataka tuelewane.

Mimi nilijifunza nikiwa na umri wa miaka 27, nimechelewa. Nilikuwa na leseni ya daraja D, naendesha Noah ya mtu, jioni nauza makava ya simu. Siku moja nikamwendea mzee mmoja aliyekuwa anabeba mbao kutoka Mafinga kwenda Dar. Mafinga mnaijua, jirani na msitu wa Sao Hill, mbao ndiyo maisha ya watu. Mzee ni Mbena wa Makambako, mtu wa sweta na kofia ya sufu hata jua likiwaka. Nikamwambia nataka kujifunza lori. Akaniangalia viatu, nilikuwa nimevaa raba nyeupe. Akasema, "Njoo kesho saa kumi alfajiri. Uwe utingo."

Miezi mitatu sikugusa usukani. Nagonga tairi kwa nondo moja moja nasikiliza mlio, yenye upepo inaitika na iliyopungua inanyamaza. Nafungua koki chini ya mitungi ya hewa kila asubuhi nitoe maji, maana hewa ikiwa na maji breki zinaumwa. Nachungulia ile sahani inayoshika tela nione kufuli limefunga sawasawa. Naangalia mipira ya hewa na waya za taa kati ya kichwa na tela. Nafunga turubai, nafungua turubai. Gari likisimama mlimani naruka na gogo kwenda kuweka nyuma ya tairi, na ole wangu nichelewe. Gari likiharibika nakata matawi, nayapanga barabarani umbali wa kutosha ili anayekuja ajue.

Nilikuwa najiuliza, huu ndio udereva gani? Baadaye ndiyo nikaelewa mzee alikuwa ananifundisha kulijua gari kabla ya kulipanda. Mtu akishatoa maji kwenye mitungi mara 90 hawezi kusahau kwamba breki ya lori ni hewa, na kwamba hewa inaisha.

Halafu tukaanza kurudi nyuma na tela kwenye uwanja wa mbao. Hapo heshima yote ya mtaani inaisha. Ukitaka tela liende kulia, usukani unapeleka kushoto, halafu unalifuata kabla halijajikunja. Siku ya kwanza niliangusha lundo zima la mbao za watu. Mzee hakunigombeza. Alikaa kwenye tofali akanywa chai mpaka nilipomaliza kuzipanga upya, peke yangu.

Baada ya hapo nikaenda chuo cha udereva, nikafanya mtihani wa polisi, nikapata daraja E. Nilifurahi kama nimeoa. Nikarudi kwa mzee nikamwonyesha leseni. Akaisoma mbele na nyuma, akanirudishia. "Hii inamwambia trafiki kwamba unaruhusiwa. Kitonga hajui kusoma."

Tuongee basi Kitonga. Ukitoka Iringa kwenda Dar unapita Ilula kwenye nyanya na vitunguu, halafu nchi inakatika. Barabara inajikunja ubavuni mwa mlima, upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde, mpaka unafika chini kwenye joto na mibuyu ya Ruaha Mbuyuni. Ukitoka Dar unaupanda, na watu wengi wanaogopa kuupanda. Mimi nawaambia kupanda ni subira. Unachagua gia mapema, unatulia, lori linatambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea, na injini ikizidiwa yenyewe inakuambia. Likikataa kabisa unasimama, utingo anaweka gogo, mnasubiri msaada na foleni inawatukana. Aibu ipo, lakini mko hai.

Kushuka hakuna anayekuambia kitu. Gari linakuwa jepesi, linakuwa tamu, muziki unanoga. Likija kukuambia, limeshachelewa.

Ngoja nieleze kwa lugha rahisi. Breki ya lori inazuia tairi kwa msuguano, na msuguano unazaa moto. Ukikanyaga breki mfululizo mteremko mzima, ule moto hauna pa kwenda. Ngoma inapanuka, laini zake zinapoteza ukali, unasikia harufu, unaona moshi kwenye kioo cha pembeni. Pedali ipo, mguu upo, gari halisimami. Ukipaparika ukaanza kupampu, unamaliza hewa kwenye mitungi haraka kuliko kompresa inavyojaza. Hapo una tani kadhaa nyuma yako na huna la kufanya zaidi ya kupiga honi.

Ndiyo maana wazee wana sheria yao: gia unayopandia ndiyo gia unayoshukia. Unapunguza mwendo juu kabisa, kabla mteremko haujaanza. Unagusa breki uone zinaitika, unaangalia mshale wa hewa, unaingiza gia nzito, unaacha injini ishike gari. Breki ya injini inanguruma, kama gari lina ritada unaiongezea. Pedali ya breki unaitumia kidogo kidogo, unakanyaga vizuri, unaachia ipoe. Mwendo ni kama kilomita 20 kwa saa, magari madogo nyuma yako yanawasha taa na kupiga honi, na wewe unajifanya kiziwi.

Sasa mtu akiweka nyutro, msaada wote wa injini kautupa dirishani. Kabakiwa na breki peke yake, zile zile zinazoungua. Na akistuka njiani akataka kurudisha gia, spidi ikishakuwa kubwa gia hailingii. Inasaga meno tu, krrrrr, na gari linaongeza.

Najua kwa sababu nimefanya.

Hili sijawahi kulisema hadharani. Mwaka wa pili baada ya leseni nilipata deiwaka ya siku nne, lori la mbolea kutoka Makambako kwenda Tunduma. Lita za mafuta zilikuwa za kupimwa, na kila kinachobaki ni chako. Nilipotoka Mbeya mjini nikafika mteremko wa Iwambi, ule unaoshuka kwenda Mbalizi. Nikasema hapa naokoa lita mbili tatu. Nikaweka nyutro.

Sekunde za kwanza raha tupu. Halafu mbele nikaona daladala imesimama inashusha, bajaji inaingia barabarani, na mimi nakanyaga breki, gari linapungua kidogo halafu linakataa. Nikatafuta gia, ikasaga. Nikatafuta tena, ikasaga. Utingo wangu, kijana mdogo, akaacha kuongea. Akashika mlango. Nilipiga honi sijui kwa muda gani. Mwenye bajaji akaliona, akatoka. Mwenye pikipiki akaingia mtaroni na pikipiki yake. Daladala ikaondoka, Mungu tu. Nilikuja kusimama kule chini mbele, mahali panapokwenda kujinyoosha, matairi yanafuka moshi kama jiko la mkaa. Miguu ilikuwa inatetemeka nikashindwa kushuka. Mama mmoja anayeuza maparachichi akaniletea maji kwenye kopo, akasema, "Pole mwanangu." Hakuuliza kitu. Nadhani wanaokaa pale wameshaona mengi.

Na hakuna anayeweza kusema mteremko ule haujulikani. Julai 1, 2018 lori lilishindwa kusimama maeneo hayo hayo likazoa magari mengine, yakiwemo ya abiria, na watu wapatao 20 walipoteza maisha. Sisemi dereva wa siku ile alifanya nini, sikuwepo. Nasema mimi nilikuwa najua habari ile, napita pale pale, na bado niliweka nyutro kwa sababu ya lita tatu.

Kilichoniumiza zaidi kilitokea Tunduma. Nilifika mapema kuliko ilivyotarajiwa. Wenzangu kwenye foleni ya mpaka wakanipokea kwa kelele: "Umewahi mwana! Wewe mtu mbaya!" Nikacheka, nikakubali soda. Sikumwambia mtu kuhusu ile pikipiki mtaroni. Ndiyo maana nilipoona yale makopakopa kwenye simu ya mpwa wangu, nilijua ladha yake. Nilishawahi kuinywa ile soda.

Najua majibu mtakayonipa, acha niyapitie.

La kwanza, nyutro inaokoa mafuta. Wengi wanaamini hivyo na mimi niliamini. Lakini kwenye mteremko mkali, gari likiwa kwenye gia na wewe umeondoa mguu kwenye mafuta, injini ya dizeli ya kisasa inakata kabisa kumwaga mafuta, tairi ndizo zinazoizungusha. Ukiweka nyutro injini inabaki inaunguruma yenyewe, na ili isizime lazima inywe. Yaani kwenye Kitonga anayeshuka na gia anakunywa kidogo kuliko anayeachia. Zile lita tatu zangu za Iwambi hazikuwepo hata kwenye hesabu.

La pili, wazee walikuwa wanaachia miaka yote. Ni kweli baadhi walifanya, na wengine hatuko nao leo. Lakini hata wale waliopona, mizigo haikuwa hii. Leo kwa sheria ya Afrika Mashariki ya 2016, ambayo kwetu ilianza kutumika Machi 2019, gari la ekseli saba linaruhusiwa kufika tani 56 kwenye mizani. Chukua Toyota IST 50 uzifunge pamoja, uziachie Kitonga, halafu uniambie utazisimamishaje kwa mguu mmoja.

La tatu, magari ya sasa yanajiendesha. Kuna Volvo zenye gia za kujibadilisha, kuna Scania zinazoshika mteremko zenyewe. Sawa. Lakini mengi yanayopanda milima yetu yamekuja mtumba, yamepita mikononi mwa mafundi wengi. Na hata hilo la kisasa kabisa lina nyutro, wanaume wanaitafuta mpaka wanaipata.

La nne lina ukweli, na silikwepi: tajiri ndiye anayembana dereva. Posho ndogo, mafuta ya kupimwa kwa kijiko, simu kila baada ya saa moja, "Umefika wapi?" Dereva anayeshuka taratibu anaonekana mvivu. Hapo nawaunga mkono madereva asilimia mia. Tajiri anayetaka gari lake lishuke na gia, ampe dereva muda wa kushuka na gia. Huwezi kununua kichwa kwa mamilioni halafu ukashindana na dereva kwa lita tano.

Mimi maoni yangu ni haya. Vyuo tunavyo: NIT pale Mabibo wanafundisha udereva wa magari makubwa, VETA wapo Mbeya na wapo Iringa. Kijana anayependa malori aende huko, asinunue leseni mtaani, maana wapo watu wenye daraja E ambao hawajawahi kufunga tela hata mara moja. Lakini uwanja wa chuo ni tambarare. Mlima unafundishwa mlimani, na mwalimu wa mlima kwa Nyanda za Juu Kusini siku zote amekuwa yule mzee wa kiti cha kulia na shule yake imekuwa kiti cha utingo.

Na hiyo shule tunaiua. Utingo wa leo analala chini ya tela, hana mkataba, anapewa hela ya kula dereva akikumbuka. Anatumwa sigara kuliko anavyofundishwa. Kwa nini matajiri wasimhesabu kama mwanafunzi wa kazi? Awe na daftari lake, limeandikwa safari alizopita, milima aliyoshuka, dereva aliyemfundisha akaweka sahihi. Siku ya kutafuta kazi, hilo daftari liulizwe pamoja na leseni. Na mtihani wa daraja E kwa anayetaka kufanya kazi huku kwetu uwe na mteremko ndani yake, gari likiwa na mzigo. Hata mara moja tu.

Kwa wale wanaojifunzia kwenye gemu, siwacheki. Euro Truck Simulator 2 nimecheza sana, ilitoka 2012 na mpaka leo kuna watu wanashika usukani wa plastiki usiku kucha. Inasaidia kuelewa tela linavyojikunja. Ila gemu halina harufu. Siku utakayosikia harufu ya breki zako mwenyewe utaelewa ninachosema.

Basi nikamalizie na mpwa wangu. Sikumhubiria, vijana wa sasa ukihubiri wanaweka spika za masikioni. Nilimpigia mzee wa mbao, bado yuko barabarani japo anasema huu ni mwaka wa mwisho, kama alivyosema mwaka juzi. Nikaomba anichukulie mtoto safari moja, na mimi nikajibana nyuma kwenye kitanda cha dereva.

Tulipopita Ilula kijana alikuwa anapiga picha. Juu ya Kitonga mzee akazima redio. Akasogea pembeni, akasimama, akamtuma mpwa wangu ashuke akagonge tairi zote. Akarudi kanyamaza. Tukaanza kushuka. Injini inanguruma, mshale wa spidi kama umegandishwa kwa gundi. Mabasi yanapita, IST zinapita, mtu mmoja kwenye lori jingine akatupita kwa kasi akipunga mkono. Mpwa wangu akashindwa kuvumilia.

"Babu, mbona taratibu hivi?"

"Nina wajukuu saba," mzee akasema. Hakuongeza neno mpaka chini.

Ruaha Mbuyuni tukasimama, akina mama wakaja na vitunguu. Mzee akamwita kijana kwenye tairi la nyuma la tela. Akamwambia asogeze kiganja karibu na kitovu cha tairi kwanza, asiguse, asikilize joto. Halafu akamwambia, "Weka mkono." Akaweka. Palikuwa na uvuguvugu kama kikombe cha chai iliyokaa.

"Ukiweza kuuacha mkono hapo," mzee akasema, "umeshuka vizuri. Siku ukishindwa, uliyoyafanya juu unayajua mwenyewe."

Lile lori lililotupita tulilikuta mbele kidogo limepaki, dereva na utingo wake wanamwagia maji matairi, mvuke unapanda. Mzee akapiga honi moja ya salamu, tukaendelea.

Usiku mpwa wangu akaweka picha mtandaoni, mkono wake mweusi kwa vumbi umelala kwenye tairi. Maneno aliyoandika ni "Kitonga leo." Mpaka naandika hapa ina likes 11, na ya kwanza ni yangu. Yule wa nyutro ana maelfu. Jumatatu nampeleka kijana kuulizia fomu za VETA, na mzee amesema akimaliza nafasi ya utingo ipo, ila asije na raba nyeupe.

Wewe unayesoma, kama unamjua suka anayeshuka taratibu, mtaje kwa sifa zake hapo chini, jina siyo lazima. Hao nao tuwapigie makofi.